Wimbo ni ule ule wa Franco: juu ya nini CD mbili zinalia tofauti?

Mutu anayetafuta nyimbo za Franco na TPOK Jazz hapa Bunia anaweza kupata wimbo mumoja kwa sauti mbili ao tatu. Moja inapiga kelele, ingine iko chini lakini kila gitare inasikika. Mara nyingi ile ya kelele ndiyo inauzika. Lakini siyo lazima ikuwe ndiyo nzuri.

Kisha kurekodi, muziki unabakia kwenye bande. Mbele ya kutoa disike, fundi anafanya kazi ya mwisho inayoitwa masteringi: anapima besi, sauti nyembamba na nguvu ya wimbo muzima. Kampuni inayotoa albamu tena inaweza kufanya kazi hiyo upya. Ndiyo maana Franco wa CD za Sonodisc ya Paris, zilizouzwa sana miaka ya 1990, hafanani kabisa na Franco wa Francophonic, mikusanyiko miwili ambayo Sterns ya London ilitoa mwaka 2008 na 2009.

Shida kubwa iko kwenye nyimbo za kitambo. Disike ndogo ilibeba dakika chache tu kila upande, basi wimbo ulikatwa vipande viwili, na mara nyingi sebene ilianguka upande wa pili. Kama bande imepotea, fundi anatoa sauti kwenye disike yenyewe, pamoja na mikwaruzo. Akiisafisha kupita kiasi, maracas nayo inakufa. Heri mikwaruzo kidogo.

Tena kuna mashindano ya kelele. Tangu miaka ya 1990, mafundi wengi duniani walibana muziki ili ulie kwa nguvu kupita wa wengine. Pa sebene, pale ngoma inapaswa kuruka, hakuna kinachoruka: kila kitu kiko juu tangu mwanzo, na masikio yanachoka.

Kwa kulinganisha, shusha kwanza ile ya kelele mpaka zote mbili zilingane, sababu sikio linapenda kilicho juu. Chukua Mario ya mwaka 1985. Sikiliza Franco na Madilu System wanavyopokezana, kisha fuata mi-solo, ile gitare ya katikati. Kama inapotea ndani ya besi, masteringi hiyo ni mbaya. Jaribio hilo lisifanywe kwa kusikiliza redio: redio nayo inabana sauti mbele ya kuirusha.

Karte memwari inaongeza hasara. CD inapima sauti mara 44.100 kila sekunde, lakini MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde inatupa sehemu ya sauti nyembamba, na kisichokuwamo hakirudi hata ukinunua baffle ya bei. Wengi wamekwisha kutupa CD zao kisha kukopi nyimbo kwa MP3. Mwenye angali na CD ya asili aikopi kwa WAV ao FLAC, na CD yenyewe aiweke mbali na vumbi na jua.