NDOA MBILI MPAKANI: NANI HUPEWA URAIA, NANI HUBAKI MGENI?



Katika safu hii ya Nchi Jirani tumezoea kuzungumza juu ya mishahara na mikataba ya wenzetu wa ng'ambo ya mpaka. Leo naomba tuzungumze juu ya jambo linaloanzia nyumbani, yaani ndoa. Wengine watauliza, ndoa inahusu nini chama cha wafanyakazi? Nawaomba wasome hadi mwisho, kisha waseme kama haihusu.

Kazi yangu ya kuandikisha wanachama hunifikisha mara kwa mara Holili, kwenye mpaka wetu na Kenya. Ukivuka pale ni mwendo mfupi wa pikipiki hadi Taveta. Watu wa pande hizi mbili huuziana ndizi, huzikana na huoana. Mimi nazifahamu familia mbili za namna hiyo. Moja inaishi upande wetu, nyingine upande wa Kenya. Sitataja majina yao, maana mambo yao hayajakwisha.

Familia ya kwanza ni ya mwanachama wetu, dada anayefanya kazi katika shamba la kahawa. Ameolewa na Mkenya. Walifunga ndoa bomani mwaka 2011, cheti wanacho, na watoto watatu wanasoma hapa hapa. Mume alikuwa fundi wa simu mwenye kibanda chake, leseni yake, na kibali cha kuishi nchini alichokihuisha kila kilipokwisha. Mwezi Julai 2025 Serikali yetu ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, na ufundi wa simu ni mojawapo. Leseni yake ilipokwisha, haikuhuishwa. Kibanda kikafungwa.

Dada yule alinijia ofisini na cheti cha ndoa mkononi. Akaniambia, "Ndugu Katibu, mimi ni raia, huyu ni mume wangu wa halali. Si apewe uraia tu, mambo yaishe?"

Mimi elimu yangu ni ya darasa la saba, na nakala ya sheria niliyoipata ilikuwa ya Kiingereza. Nilimwomba mwenzetu mmoja anayeijua lugha hiyo anisomee pole pole. Jibu lilinisikitisha. Sheria ya Uraia ya Tanzania, Na. 6 ya mwaka 1995, inampa njia ya ndoa mwanamke tu. Mwanamke mgeni aliyeolewa na raia wa Tanzania anayo haki ya kuomba uraia wakati wowote mumewe akiwa hai. Mwanamume mgeni aliyemwoa raia wa Tanzania hakutajwa. Kwake yeye cheti cha ndoa si mlango. Anapita njia ile ile ya mgeni yeyote. Awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua saba. Awe anajua Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema, na aonekane kuwa atalifaa taifa. Uamuzi ni wa Waziri, naye halazimiki kueleza sababu.

Kwa hiyo dada yetu angekuwa mwanamume, na mumewe angekuwa mwanamke, ombi lao lingekuwa la haki. Ni ndoa ile ile, bomani pale pale, cheti kile kile. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu shemeji yetu amelima zaidi ya miaka kumi, na bado anaitwa mgeni.

Sasa tuvuke mpaka. Kenya nayo ilikuwa hivyo hivyo. Chini ya katiba yao ya zamani, mke mgeni wa Mkenya aliweza kuandikishwa kuwa raia, lakini mwanamke wa Kenya hakuweza kumpatia mumewe mgeni haki hiyo. Wananchi walipiga kura tarehe 4 Agosti 2010 wakaipitisha katiba mpya, nayo ikaanza tarehe 27 ya mwezi ule. Kifungu cha 15 kinasema kwamba mtu aliyekaa katika ndoa na raia kwa muda usiopungua miaka saba ana haki ya kuandikishwa kuwa raia akiomba. Kimesema mtu. Hakikusema mwanamke wala mwanamume. Tena kifungu cha 13 kinasema uraia haupotei kwa sababu ya kuoa, kuolewa wala kuachana.

Hata hivyo, haki hiyo ina masharti, nayo yamo katika sheria yao ya mwaka 2011. Ndoa iwe inatambuliwa na sheria za Kenya, hata kama ilifungwa nje. Isiwe ndoa ya kutafutia karatasi. Mume na mke wawe wanaishi pamoja wakati wa kuomba. Mwombaji asiwe amepigwa marufuku kuingia nchini, wala asiwe amehukumiwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi.

Hapa ndipo inapoingia familia ya pili. Dada mmoja wa Rombo ameolewa Taveta. Mahari ilitolewa mwaka 2010 mbele ya wazee wa pande zote mbili, watu wakala wakanywa, akahamia kwa mumewe. Cheti hawakukifikiria. Walifunga ndoa kanisani mwaka 2019, ndipo wakapata karatasi. Dada huyu alipokwenda kuulizia uraia, akijua miaka saba imepita zamani, ofisa aliyempokea alihesabu kuanzia tarehe ya cheti. Miaka ya mahari ikawa kama haikuwapo. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya mila, lakini inataka iandikishwe, na yao haikuandikishwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na miaka ya ndoa nayo ni mali.

Wakati huo wote alikuwa akifanya kazi ya kufunga ndizi bila kibali. Alilipwa pungufu ya wenzake, naye alinyamaza. Nilipomuuliza kwa nini hakulalamika, alinijibu, "Kaka, ningelalamika kwa nani? Wangeniuliza kwanza kitambulisho."

Ndugu zangu, jibu hilo ndilo sababu ya makala hii. Mfanyakazi asiye na karatasi ni mfanyakazi asiye na mdomo. Hana mkataba, hachangiwi akiba ya uzeeni, akiumia kazini anarudishwa nyumbani. Tena tajiri akishampata mmoja wa namna hiyo, anawatazama ninyi wenye mikataba na kuona mnagharimu sana. Huku kwetu nako ni vivyo hivyo. Sheria yetu ya ajira za wasio raia ya mwaka 2015 inamtaka kila mgeni awe na kibali cha kazi, hata kama mkewe ni Mtanzania. Yule fundi wa simu asipopata njia ya halali, atakwenda kubeba mizigo usiku kwa ujira wowote atakaopewa. Atakayeshushiwa ujira kesho ni mwanachama wetu.

Liko jambo moja zaidi ambalo kila Mtanzania aliyeoa au kuolewa Kenya hana budi kulipima. Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Ukipokea wa Kenya kwa hiari yako, wa kwetu unaupoteza. Dada wa Rombo ana kihamba cha marehemu baba yake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilipotungwa haikumpa asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Akibaki Mtanzania, kule Kenya ardhi ataipata kwa kukodi tu, isiyozidi miaka 99. Kila upande atakaoshika, kuna kitu atakiacha. Watoto wake ni Wakenya kwa baba yao, naye ameniambia hataki kuwa mgeni katika nyumba ya watoto wake. Ameamua kuomba. Sikumshauri afuate wala aache. Nilimwambia tu ajue anachokiacha kabla hajatia sahihi.

Je, sisi tufanye nini? Kwanza, kila mwanachama mwenye ndoa ya kuvuka mpaka aiandikishe mapema. Mahari ni heshima, lakini ofisi husoma karatasi. Pili, atunze cheti, vibali vyote vya kuishi na stakabadhi za ada, maana miaka huhesabiwa kwa hivyo. Tatu, asimpe mtu wa njiani fedha za kumfanyia mpango. Aende mwenyewe Uhamiaji, na akiona ugumu aje tawini tumsindikize. Nne, matawi yetu yapeleke hoja kwamba sheria ya 1995 imtambue mume kama inavyomtambua mke. Hatuombi mlango uachwe wazi kwa kila mtu. Wakenya wameweka miaka saba na masharti, na sisi tunaweza kuweka yetu. Tunachotaka ni kwamba mwanamke mfanyakazi wa Tanzania asihesabiwe kuwa raia nusu siku anapochagua mume.

Dada wa shamba la kahawa ameshaanza kukusanya vibali vya mumewe, tangu cha kwanza. Kimoja kimepotea, na tunakitafutia nakala. Kibanda bado kimefungwa.

Umoja ni nguvu.