USINUNUE BOKSI, NUNUA KADI!

MPENZI msomaji, wiki hii tuache kidogo habari za mapenzi na mitindo ya nywele. Nataka nikusimulie jinsi mtoto wa shangazi yangu alivyolizwa Kariakoo mchana kweupe, huku mimi niliyejifanya mjuzi nimesimama pembeni nikitabasamu kama bwege.

Huyu bwana mdogo, nimwite Dogo tu asije akaninunia, ana kibanda cha gemu kule Tandika. Watoto wakitoka shule wanampelekea vijisenti vyao, wanacheza, wanapiga kelele, wanakwenda kwao. Mashine yake ni kompyuta ya mtumba, moja ya zile nyeusi za mnara zilizokuwa za maofisini huko ng'ambo kabla ya kuletwa kwetu. Kwa kuandika barua ni nzuri mno. Kwa gemu mpya, hamna kitu! Wateja walikuwa wanataka mpira wa kisasa wenye sura za wachezaji wa kweli, na mashine ilikuwa inakwenda kwa kusuasua kama daladala bovu kwenye mlima.

Dawa yake inajulikana: kadi ya grafiki. Hicho ni kipande kinachochomekwa ndani ya kompyuta, chenye chipu yake, memori yake na feni zake, ambacho kazi yake ni kuchora picha za gemu ili prosesa ipumue.

Shangazi alipopokea zamu yake ya upatu, akamkopesha Dogo laki mbili na nusu. Zingatia neno hilo, akamkopesha. Zile zilikuwa pesa za sare na madaftari ya wadogo zake, na shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya wiki sita. Dogo aliapa kwamba kibanda kingezirudisha mapema.

TUKAINGIZWA MJINI

Tukatinga Kariakoo. Duka silitaji, yaliyopita si ndwele. Tukaoneshwa boksi linang'aa, limeandikwa GTX 1050 Ti, 4GB. Bei ilikuwa chini kuliko tulikotoka kuulizia. "Wanangu, hii chukueni mkiwa mmefumba macho," muuzaji akatuambia. Nasi, msomaji, tukafumba kweli!

Mwenye duka alikuwa mkarimu kupindukia. Akatuongezea bure waya wa kuungia umeme kwenye kadi. Halafu Dogo akafurahi zaidi alipoona kadi ina lile tundu la buluu la VGA, maana kioo chake ni cha zamani na kinatumia waya huo huo. Tukaona mambo yamejipa yenyewe.

Usiku ule tukachomeka. Kompyuta ikawaka, jina la kadi likatokea, 1050 Ti kama lilivyoandikwa. Tukafungua gemu. Timu zikatoka kwenye korido, wimbo ukapigwa, refa akatazama saa yake, na kioo kikawa cheusi tii. Tukawasha tena, cheusi tena. Tukasingizia umeme. Tukasingizia gemu. Siku ya tatu tukampelekea fundi mmoja mtu mzima, mpole, asiyependa maneno mengi.

Fundi akaweka programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z. Ikafunguka, na mbele ya jina la kadi pamekaa neno moja: FAKE. Yaani feki! Chipu ya ndani ilisomeka GF106. Hiyo ni chipu ya GTS 450, kadi iliyotoka mwaka 2010. GTX 1050 Ti halisi ilitoka mwaka 2016 na chipu yake ni GP107. Wajanja walikuwa wamebadilisha maandishi yaliyofichwa ndani ya kadi ili ijitambulishe kwa jina lisilo lake. Ni sawa na kubandika nembo ya Benzi kwenye bajaji.

"Na mashahidi mlikuwa nao," akasema fundi. Shahidi wa kwanza, ule waya wa bure. Kadi nyingi za 1050 Ti zinatosheka na umeme wa kwenye tundu lake na hazihitaji waya wowote wa pembeni. Shahidi wa pili, lile tundu la buluu. Chipu ya 1050 Ti haitoi kabisa picha za VGA. Yaani vitu viwili vilivyotufurahisha ndivyo vilivyokuwa vinatuambia tukimbie.

Tukarudi dukani. Risiti hatukuwa nayo, na tukajibiwa kwamba mali ikishatoka mlangoni hairudi. Hadithi ikaishia hapo.

ANZA NA MASHINE YAKO

Sasa, msomaji, kosa letu halikuwa kukosa hela. Kosa letu ni kwamba tulitazama boksi badala ya kutazama mashine. Kadi nafuu haichaguliwi dukani, inachaguliwa nyumbani, kompyuta ikiwa imefunguliwa mbele yako.

Kitu cha kwanza kutazama ni umeme. Ndani ya kompyuta kuna kile kiboksi cha kugawa umeme, na ubavuni kimeandikwa wati zake. Hizi za maofisini nyingi zina wati 240 hadi 300 hivi, basi. Lile tundu refu la kuchomekea kadi linatoa wati 75 kwa juu kabisa. Kadi inayotaka zaidi ya hapo ni lazima iungwe waya wa pembeni wenye plagi ya pini 6 au pini 8, na mashine nyingi za maofisini hazina waya huo. Usidhani utabadilisha kiboksi kirahisi, kwa sababu baadhi ya kampuni zimeweka plagi za kwao wenyewe ambazo kiboksi cha kawaida hakiingii bila kigeuzi. Kuungaunga nyaya ili kuilisha kadi kubwa ni kuomba moshi.

Cha pili ni nafasi. Kama kompyuta yako ni ile nyembamba ya kulala mezani, kadi ya kawaida haiingii hata ukiisukuma kwa goti. Unatakiwa utafute kadi fupi, ile yenye bati la nyuma nusu ya kimo cha kawaida. Chukua rula, pima, andika kwenye karatasi, ndipo upande gari.

Cha tatu ni kioo chako. Hapa watu wengi wanatupa pesa. Vioo vingi vya mtumba vina nukta 1366 kwa 768. Kioo kikubwa cha kisasa kina 1920 kwa 1080. Piga hesabu utaona cha kwanza kina nusu tu ya nukta za kile cha pili. Maana yake kadi inachora nusu ya kazi! Mwenye kioo kidogo hana sababu ya kulilia kadi ya tajiri.

Cha nne ni gemu lenyewe. Unataka kucheza nini? GTA V ilipotoka kwa kompyuta mwaka 2015, watengenezaji walipendekeza GTX 660 ya 2GB. EA Sports FC 24, ule mpira wa mwaka 2023, kiwango chake cha chini kilichotangazwa ni GTX 1050 Ti ya 4GB au RX 570. Watengenezaji hutangaza viwango hivi wazi. Visome kabla hujasikiliza maneno ya kijiweni.

GB ZISIKUTIE KIWEWE

Ukisikia muuzaji anaimba "4GB, 4GB", mwulize swali moja: 4GB za kadi gani? Kuna GT 730, kadi ya mwaka 2014, inayouzwa ikiwa na 4GB za memori ya DDR3 inayojikokota. Hiyo ni sinia kubwa lenye wali kiduchu. Hata GT 1030 ya mwaka 2017 ina pacha wake wa DDR4 aliyekuja mwaka 2018. Jina ni lile lile, lakini memori yake inapitisha data karibu theluthi moja tu ya ile ya GDDR5. Kwa hiyo soma mpaka herufi za mwisho. Kwa gemu, tafuta palipoandikwa GDDR5 au GDDR6.

Kwa mashine ya ofisini isiyo na waya wa pembeni, majina yanayofaa ni machache. Ipo hiyo hiyo 1050 Ti, ila halisi. Bado inacheza mengi, lakini umri umeanza kuigonga: NVIDIA walitangaza mwaka 2025 kwamba draiva mpya za gemu kwa ukoo huo zingeishia Oktoba 2025, na baada ya hapo ni za usalama tu hadi Oktoba 2028. Ipo GTX 1650 ya mwaka 2019, wati 75, yenye nguvu zaidi na ambayo haikuguswa na tangazo hilo. Hakikisha tu unachukua ile isiyo na tundu la waya wa umeme, maana zipo za aina zote mbili.

Mwenye uwezo zaidi aitazame RTX 3050 ya 6GB, iliyotoka mwaka 2024, wati 70. Nimesema ya 6GB! Ndugu yake wa 8GB wa mwaka 2022 anakula wati 130 na anataka waya. Upande wa AMD kuna RX 6400 ya mwaka 2022, wati 53 tu, lakini inatumia njia 4 tu za data, hivyo kwenye mashine za zamani inapoteza kasi kiasi.

Kama una mashine ya kujiunga mwenyewe, yenye kiboksi cha umeme cha maana, hapo RX 580 ya mwaka 2017 ni mboga ya bei poa, ila inakula wati 185. RX 6600 ya mwaka 2021 ni kali zaidi na inakula kidogo, wati 132. Tahadhari moja kwenye RX 580: ukiona pameandikwa 2048SP, hiyo kwa kweli ni RX 570 iliyovaa shati la kaka yake. Siyo mbaya, lakini usilipe bei ya kaka.

Jua pia kwamba RX nyingi za mtumba zilikesha miaka zikichimba sarafu za mtandaoni. Mwezi Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi, na mzigo mkubwa ukamwagwa sokoni. Si zote ni mbovu. Zungusha feni kwa kidole usikilize kama zinakwaruza, tazama kama kuna kutu au alama za kuungua, na usikubali kununua bila kuiona ikifanya kazi.

IKAANGWE MBELE YAKO

Kanuni niliyoachiwa na yule fundi ni hii: hela haitoki mfukoni mpaka kadi ichomekwe kwenye mashine ya dukani. Kwanza GPU-Z, usome jina la chipu na uangalie lile neno baya halipo. Pili, waifungulie FurMark, programu nyingine ya bure inayoikaanga kadi kwa makusudi. Subiri dakika 15. Ukiona michirizi, nukta za rangi au kioo kuzima, aga kwa heshima uondoke. Joto likipita nyuzi 85, uliza kulikoni. Muuzaji mwenye kadi nzima hatakosa dakika 15. Akianza kukuharakisha kwamba kuna mteja mwingine njiani, mwachie huyo mteja.

Na ukifika nyumbani, chomeka waya wa kioo kwenye kadi yenyewe, siyo kwenye tundu la zamani la kompyuta. Usicheke! Wapo watu wamekaa mwezi mzima wakilaumu kadi ambayo hata hawajaitumia.

Dogo naye? Kadi feki imening'inia kwenye msumari pale kibandani, iwe fundisho. Alikaa miezi minne akiweka akiba kidogo kidogo kutoka kwenye zile gemu za zamani, akanunua kwa yule fundi GTX 1650 ya mtumba, safari hii ikiwa imekaangwa mbele ya macho yetu wote wawili. Ikabidi aongeze kigeuzi cha HDMI kwenda VGA kwa ajili ya kile kioo chake kikongwe. Mpira sasa unachezwa mpaka dakika ya 90, na foleni ya watoto inafika barabarani.

Lakini shule zilipofunguliwa, wadogo zake walikwenda na sare za mwaka uliopita, suruali zimepanda juu ya vifundo vya miguu. Shangazi hakusema neno. Kila Jumapili Dogo anampelekea elfu kumi, anazihesabu, anaandika kwenye daftari, anamwuliza kama amekula. Bado Jumapili tisa.

Tukutane wiki ijayo.