Friji Haileti Baridi, Inatoa Joto

 

Katika nyumba ya wanafunzi watano au sita, kifaa kinachogombanisha watu kuliko vyote si televisheni wala bafu. Ni friji. Humo ndimo ulimo mshahara wako wa kubeba boksi wiki nzima: samaki, nyama, na mihogo ya barafu uliyoifuata duka la Wahindi kwa basi mbili. Vikiharibika hakuna wa kukurudishia. Mimi kabla ya kuja Uingereza nilisomea ufundi wa majokofu VETA na nikafanya kazi kwa fundi mmoja Dar es Salaam, kwa hiyo kila mwaka naitwa nyumba hii na ile kuangalia friji "iliyokufa". Nyingi hazijafa, ila wenyewe hawajui inavyofanya kazi. Ndiyo maana mhariri kaniomba niandike.

Mtungi wa bibi

Tuanzie hapa, maana ukielewa hili mengine yanajieleza yenyewe. Friji haitengenezi baridi. Inachofanya ni kuondoa joto mahali pamoja na kulipeleka pengine. Kumbuka mtungi wa udongo. Maji yanapenya kwenye udongo taratibu, yanageuka mvuke kwa nje, na mvuke ule unaondoka na joto. Ndiyo maana yanayobaki ndani ni baridi hata mchana wa jua kali. Au kumbuka nesi anavyokupaka spiriti kabla ya sindano: spiriti inakauka, ngozi inapoa.

Friji inafanya vilevile, isipokuwa yenyewe haipotezi maji yake. Kompresa, lile dude jeusi la nyuma kwa chini linalonguruma, inaibana gesi mpaka inapata moto. Gesi inapita kwenye mabomba ya nyuma, inatoa joto lake jikoni na kugeuka kimiminika. Kimiminika hicho kinapitishwa kwenye kabomba kembamba sana, kinatokea kwenye mabomba ya ndani ambako shinikizo ni dogo, kinachemka na kuwa gesi tena. Katika kuchemka huko kinanyonya joto la chakula chako. Halafu gesi inarudi kwenye kompresa, mzunguko unaanza upya. Yaani lile joto unalolisikia nyuma ya friji, sehemu yake imetoka kwenye maziwa yako.

Kuiweka

Kama kazi yake ni kutoa joto, basi lazima ipate pa kulitolea. Usiisukume mpaka igote ukutani. Acha nafasi ya vidole kadhaa nyuma na juu, au kama kitabu chake kinavyoelekeza. Usiiweke ubavuni mwa jiko wala hita. Vumbi likijaa kwenye mabomba ya nyuma, joto halitoki, kompresa inafanya kazi bila kupumzika, na bili ya umeme inapanda. Chomoa plagi, pitisha brashi, mara mbili kwa mwaka inatosha.

Kama imesafirishwa imelazwa, isimamishe na uiache saa kadhaa kabla ya kuiwasha, ili oili iliyotawanyika kwenye mabomba irudi kwenye kompresa. Ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni iliyobeba birika, mikrowevu na chaja za watu wanne. Na ukiizima, subiri dakika kama tano kabla ya kuiwasha tena, shinikizo litulie. Mchezo wa kuwasha na kuzima ndio unaoua kompresa.

Kisa cha mbuzi

Kuna nyumba moja ya watu wetu mwenye nyumba alikuwa ameiweka friji kwenye banda la nyuma, lisilo na hita, ili jiko lipate nafasi. Vijana wanne wakachangiana pauni 30 kila mmoja, wakanunua mbuzi mzima, wakamkata na kumjaza kwenye friza. Ilikuwa Januari, nje baridi kali. Baada ya siku chache wakakuta nyama imelainika, damu inachuruzika mpaka sakafuni. Kasheshe! Dogo wa mwaka wa kwanza ndiye aliyekuwa akichaji simu kule bandani, kwa hiyo lawama zote zikamwangukia yeye: kachomoa plagi. Akakataa, akaapa, hakuna aliyemwamini. Nilipoitwa, dogo alishaanza kufunga begi ahame.

Plagi ilikuwa mahali pake na taa ya ndani inawaka. Nikatafuta kile kibandiko cha ndani, pembeni ya droo ya mboga. Kilikuwa na herufi N.

Herufi hizo ni daraja la hali ya hewa, yaani joto la chumba ambacho friji imeundwa kukaa. SN ni nyuzi 10 mpaka 32 za Selsiasi, N ni 16 mpaka 32, ST ni 16 mpaka 38, na T, ya nchi za joto, ni 16 mpaka 43. Sasa, friji nyingi zenye friza ndani yake zina kompresa moja na thamostati moja, na thamostati hiyo inapima upande wa friji tu. Banda likiwa na nyuzi 4, upande wa friji nao unakuwa na nyuzi 4 bila kazi yoyote. Thamostati inaona mambo safi, haina sababu ya kuiamsha kompresa. Kompresa ikilala, friza nayo inapanda polepole mpaka inalingana na banda. Barafu inayeyuka kwa sababu ya baridi!

Nyama ilikuwa imeshatoa harufu, ikatupwa. Pauni 120 zikaenda. Lakini friji ilihamishiwa jikoni, ikafanya kazi vizuri kama kawaida, na dogo akaombwa radhi, akafungua begi lake. Ningependa kila nyumba isome kibandiko kabla ya kusomana tabia.

Kuitumia

Upande wa friji uwe kati ya nyuzi 0 na 5, friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Namba za kwenye kitufe, 1 mpaka 5 au 7, si nyuzi. Katika friji nyingi namba kubwa ni baridi zaidi, si joto zaidi. Nunua kipimajoto kidogo, hakifiki bei ya chakula cha mchana chuoni.

Friza inapenda kujaa, kwa sababu vitu vilivyoganda vinashikiliana baridi. Umeme ukikatika na usipofungua mlango, friza iliyojaa huhifadhi chakula kama saa 48, iliyojaa nusu kama 24. Friji yenyewe ni saa 4 tu. Kinyume chake, upande wa friji unataka nafasi ya hewa kupita. Usibandike chakula kwenye ukuta wa nyuma.

Nyama mbichi ikae rafu ya chini kabisa, kwenye chombo chenye mfuniko, isije ikadondokea saladi ya mwenzio. Na kama mnaishi wenye imani tofauti, gaweni rafu mapema, siku ya kwanza, kwa maneno mazuri. Asiyekula nguruwe asilazimike kuuliza kila siku.

Halafu jamani, pilau. Mchele una bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kupikwa. Wali ukikaa sufuriani usiku kucha, mbegu zinachipua na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata uupashe moto mara ngapi. Usiingize sufuria la moto kwenye friji pia, litapasha vya wenzio. Mwaga wali kwenye sinia utandae, upoe ndani ya saa moja, ndipo uingie kwenye friji. Ule kesho yake, uupashe mara moja tu mpaka utoe mvuke.

Kuitunza

Mpira wa mlango ujaribu kwa noti: ibane mlangoni, kisha ivute. Ikitoka bila ubishi, hewa inaingia. Mara nyingi mpira ni mchafu tu, uoshe kwa maji vuguvugu na sabuni. Maji yakituama chini ya droo za mboga, kuna kitundu kimeziba ukutani kwa nyuma. Kizibue taratibu kwa kijiti laini.

Friza mpya nyingi hujiyeyusha zenyewe. Za zamani, zilizojaa kwenye nyumba za kupanga, unaziyeyusha mwenyewe barafu ikifika unene wa nusu sentimita hivi. Zima, fungua mlango, weka bakuli la maji ya moto ndani na taulo chini, subiri. Kisu marufuku! Nyuma ya barafu ile kuna mabomba ya gesi, na ukitoboa umeua friji. Zaidi ya hapo, friji nyingi za Ulaya siku hizi zina gesi ya R600a, yaani isobutani, ndugu wa gesi ya kwenye viberiti. Haidhuru tabaka la ozoni kama zile za zamani zilizobanwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, ila inawaka. Ukitoboa, usiguse swichi yoyote wala kuwasha jiko. Fungua madirisha, toka nje.

Likizo na kuhama

Nyumba zenye mita ya kulipia kabla, kama LUKU yetu, jazeni salio kabla ya kusafiri Krismasi, au friza iachwe tupu. Hamna katikati.

Siku ya kuhama, izime mapema, ikaushe, na uache mlango wazi kidogo, la sivyo itaota ukungu na mwenye nyumba atakata kwenye amana yako. Piga picha yenye tarehe, siku ya kuingia na siku ya kutoka. Kwa England na Wales, tangu Aprili 2007 amana ya nyumba ya kawaida ya kupanga hulindwa kwenye mpango rasmi, na mkibishana, picha zako ndizo zitakazokusemea.

Mwisho, kwa wanaotaka kuingiza friji kwenye kontena la kwenda nyumbani. Ya Uingereza au Oman itakubali umeme wa kwetu, ya Marekani hapana, maana kule ni volti 120. Tafuta yenye herufi T, kwa sababu Machi ya Mombasa au Dar si mchezo, na ununue na kile kifaa cha kulinda umeme unaoruka. Kama imetumika, ulizia kwanza sheria ya nchi yako. Ghana, kwa mfano, ilianza kuzuia friji zilizotumika Januari 2013.

Nawatakieni masomo mema. Na kabla hujamshuku mwenzio, kasome kibandiko.