Mizizi ya Mlinganyo wa Kipeo cha Pili: Miwili, Mmoja, au Hakuna

Mlinganyo wa kipeo cha pili ni ule ambao ndani yake namba isiyojulikana imezidishwa kwa nafsi yake mara moja, wala si zaidi ya hapo. Kwa kawaida huandikwa ax² + bx + c = 0, ambapo a si sifuri. Kila mwanafunzi wa sekondari huikariri kanuni ya kuufumbua:

x = (−b ± √(b² − 4ac)) / 2a

Aghalabu mwanafunzi hulifikia jibu bila kuulizwa lina maana gani. Kwa nini swali moja liwe na majibu mawili? Na pale ambapo kipeuo cha pili hakipatikani, je, hesabu imeshindikana, au inasema jambo? Maswali haya yaweza kujibiwa shambani.

Kombeo katika shamba la mpunga

Katika bonde la Rufiji, mpunga unapokaribia kukomaa hapana budi kuamia ndege. Chukulia kijana wa Mahege, wilayani Kibiti, anayerusha jiwe kwa kombeo kwa mwendo wa meta 20 kwa sekunde. Upinzani wa hewa usihesabiwe, na jiwe lianguke kwenye kimo kile kile lilikoanzia.

Mwendo huo una sehemu mbili: u, wa kwenda mbele, na w, wa kupanda. Kwa kanuni ya Pythagoras, u² + w² = 400. Uvutano wa dunia hupunguza mwendo wa kupanda kwa takriban meta 10 kwa sekunde katika kila sekunde. Kwa hiyo jiwe hupanda kwa sekunde w/10, kisha hushuka kwa muda uo huo. Muda wote ni w/5, na umbali linaokwenda ni d = uw/5. Sasa uwiano wa w kwa u uitwe t. Huu ndio tanjenti ya pembe ya kurushia. Ikiandikwa ut mahali pa w, hupatikana u² = 400/(1 + t²), na d = 80t/(1 + t²), yaani:

dt² − 80t + d = 0

Huu ni mlinganyo wa kipeo cha pili, na mizizi yake ndiyo inayoonyesha pembe zinazotafutwa.

Ndege wakiwa umbali wa meta 32, mlinganyo hurahisishwa kuwa 2t² − 5t + 2 = 0. Mizizi yake ni ½ na 2: pembe ya nyuzi 27 hivi, na nyingine ya nyuzi 63 hivi. Zote mbili ni za kweli. Jiwe lililorushwa chini hufika kwa sekunde 1.8, na lililorushwa juu kwa sekunde 3.6. Anayetaka kuwawahi ndege atachagua pembe ndogo. Mwenye mti mbele yake atachagua kubwa. Hesabu huonyesha njia zote. Kuchagua ni kazi ya mtu.

Wakiwa meta 40, hupatikana t² − 2t + 1 = 0. Mzizi ni mmoja tu, 1, yaani nyuzi 45. Wakiwa meta 50, hupatikana 5t² − 8t + 5 = 0, na chini ya alama ya kipeuo hutokea 64 − 100 = −36. Hakuna namba halisi ambayo ikizidishwa kwa nafsi yake hutoa −36. Maana yake ni wazi: ndege hao hawafikiki kwa mwendo huo, hata pembe ikigeuzwa namna gani.

Kipambanuzi

Kiasi b² − 4ac chaweza kuitwa kipambanuzi, kwa kuwa hupambanua aina za mizizi kabla mlinganyo haujafumbuliwa. Kikizidi sifuri, mizizi halisi ni miwili tofauti. Kikiwa sifuri, miwili hiyo hukutana ikawa mmoja. Kikipungua sifuri, mizizi halisi haipo. Katika grafu, mchirizo hukata mhimili wa x mahali pawili, huugusa mahali pamoja, au haufikii kabisa. Kwa namba changamano hata mlinganyo wa meta 50 una mizizi, 0.8 + 0.6i na 0.8 − 0.6i, lakini hiyo si pembe ambayo kombeo laweza kuelekezwa.

Maarifa haya ni ya kale. Mnamo karne ya 9, huko Baghdad, al-Khwarizmi aliandika kitabu ambacho katika jina lake limetoka neno aljebra. Kwa mlinganyo x² + 21 = 10x alifundisha hivi: chukua nusu ya 10, ambayo ni 5; kipeo chake cha pili ni 25; toa 21, zibaki 4; kipeuo chake ni 2. Mizizi ni 5 − 2 na 5 + 2, yaani 3 na 7. Akaongeza kwamba, ikiwa hiyo 25 ingekuwa ndogo kuliko namba inayotolewa, swali lisingewezekana.

Delta ya Rufiji, 1915

Hesabu ya kombeo ndiyo hesabu ya mzinga. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza huko Unguja, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji, nyuma ya mikoko. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia kwa uchache wa kina cha maji, na kutoka baharini mizinga yao haikuifikia. Kwa lugha ya mlinganyo, kipambanuzi kilikuwa chini ya sifuri. Kugeuza pembe kusingefaa kitu. Ilibidi kupunguza d. Ndipo zilipoletwa Severn na Mersey, zilizoelea katika maji machache. Ziliingia mtoni tarehe 6 Julai 1915, na tena tarehe 11. Wapigaji hawakuiona shabaha yao; eropleni kutoka Mafia ziliwaarifu makombora yalikoangukia. Siku hiyo ya pili Wajerumani waliiharibu na kuizamisha meli yao wenyewe.

Kombora halisi huzuiwa sana na hewa, na pembe zake si zile za kombeo letu. Hata hivyo hali zile tatu hubaki: njia mbili, njia moja, au hakuna njia.

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi zoezi hili: kamba ya meta 100 izungushiwe shamba la mstatili. Je, eneo laweza kuwa meta za mraba 600? 625? 700? Wakadirie kwanza kipambanuzi, ndipo wafumbue. Atakayeeleza kwa nini 700 haiwezekani atakuwa ameuelewa mlinganyo kuliko aliyekariri kanuni peke yake.