Kwa nini perf haiijui prosesa yako?

Una algoriti mbili za kupanga data, na msimamizi wa tasnifu yako anataka ushahidi: ipi inaitumia prosesa vizuri zaidi? Unafungua terminali ya Linux, unaendesha perf stat, halafu badala ya namba unakuta "not supported" mbele ya cycles, instructions na cache-misses. Muda umepimwa vizuri tu, ila namba ulizozitaka hazipo. Usikimbilie kufuta mfumo na kuuweka upya. Jibu hilo lina maana yake.

perf, iliyoingia kwenye Linux mwaka 2009, haihesabu mizunguko ya prosesa yenyewe. Inasoma kaunta zilizomo ndani ya prosesa, katika sehemu inayoitwa PMU. Tatizo ni kwamba kila aina ya prosesa ina misimbo yake. Ukitaka kuhesabu mizunguko ya saa, Intel inataka msimbo 3C, AMD inataka 76. Kwa hiyo kabla ya kuomba chochote, Linux lazima ijue inaongea na nani.

Inajuaje? Kwa Intel na AMD, inatumia amri ya CPUID. Prosesa inajibu kwa jina la herufi 12, "GenuineIntel" au "AuthenticAMD", pamoja na namba za familia na modeli. Skylake ya kompyuta ya mezani, kwa mfano, ni familia 6, modeli 94. Ukifungua /proc/cpuinfo utaziona za kwako.

Sasa tutafute utambuzi umekwama wapi.

Kwanza, andika lscpu. Ukiona mstari wa "Hypervisor vendor", uko ndani ya mashine pepe, na huyu ndiye mshukiwa wa kwanza. Mashine pepe inaweza kukuonyesha jina sahihi la prosesa huku imezificha kaunta zake. Kama unatumia KVM na mashine ni yako, jaribu kuiwasha kwa -cpu host. Kama ni ya kukodi, kapime kwenye kompyuta halisi.

Pili, andika sudo dmesg | grep -i "performance events". Ukikuta jina la kizazi cha prosesa yako, kerneli imeitambua. Ukikuta "software events only", haikupata PMU ya kutumia. Kama ni kompyuta halisi na prosesa ni mpya kuliko kerneli, sasisha kerneli.

Tatu, huenda cycles inahesabiwa ila perf list haionyeshi matukio maalumu ya prosesa yako. Hapo kerneli haina kosa. perf ina jedwali lake, mapfile.csv, linalounganisha utambulisho kama GenuineIntel-6-5E na kizazi cha Skylake (5E ni 94 ile ile, kwa mfumo wa namba wa 16). perf ya zamani haina mstari wa prosesa mpya. Weka toleo jipya.

Na kama ujumbe unalalamikia ruhusa na kutaja perf_event_paranoid, hilo ni suala la usalama, wala si la utambuzi.

Kuna njia ya mkato ambayo utakutana nayo: kuweka PERF_CPUID ili perf iamini kwamba prosesa ni nyingine. Inafaa kwa wanaojaribu majedwali ya perf. Kwa vipimo vyako ni hatari, kwa sababu majina ya matukio yatatokea na namba zitatoka, lakini msimbo ule ule kwenye prosesa yako unaweza kuwa unahesabu kitu kingine kabisa. Utakuwa na grafu nzuri ya uongo, na hakuna ujumbe wowote utakaokuonya. Afadhali "not supported": angalau inakuambia ukweli.

Kwa hiyo ukishapata namba, andika kwenye sura ya mbinu modeli ya prosesa, toleo la kerneli na toleo la perf. Na kama umelazimika kubaki kwenye mashine pepe bila kaunta, linganisha muda peke yake, useme wazi kwamba ndicho ulichopima.