Je, Wajua? Mfanyakazi wa Kanda ya Kati na Mapumziko Yake

Je, wajua kwamba beni ilikuwa ngoma ya watu wa kazi? Ilizaliwa pwani, ikasambaa bara wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Makarani walijazana kwenye kundi la Marini, vibarua kwenye kundi pinzani la Arinoti. Wachezaji walivaa sare, wakajipanga kama gwaride na kupeana vyeo vya kijeshi.

Je, wajua kwamba Kongwa, mkoani Dodoma, ilikuwa kambi kubwa ya vibarua? Waingereza walianza mradi wa karanga hapo mwaka 1947. Mwaka huohuo makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukapanda bara kufuata reli ya kati. Mradi ulivunjwa mwaka 1951.

Je, wajua kwamba hata Uingereza likizo ya kulipwa haikuja mapema? Mfanyabiashara Billy Butlin alifungua kambi yake ya mapumziko huko Skegness mwaka 1936. Sheria ya likizo yenye malipo ilipitishwa miaka miwili baadaye, 1938.

Je, wajua kwamba chama cha wafanyakazi kilimiliki bendi? NUTA ilianzisha NUTA Jazz mwaka 1964, na wapigaji walilipwa mshahara. Ikaja kuitwa Juwata, kisha OTTU. Leo ndiyo Msondo Ngoma.

Je, wajua kwamba kwa Wagogo ngoma ya muheme hupigwa na wanawake? Mama huibana ngoma mapajani, akaipiga kwa viganja huku wenzake wakiitikia. Mikono iliyolima mtama ndiyo hiyohiyo inayopiga ngoma.

Je, wajua kwamba Jumamosi ya Dodoma ina mnada wake? Ni Msalato. Mwenye ng'ombe anakuja kuuza, mtumishi anakuja kupumzika. Mbavu za mbuzi zinachuruza mafuta kwenye mkaa, chumvi na pilipili zipo pembeni, na mnakula kwa mikono, sahani moja.

Je, wajua kwamba watumishi wa wizara wana mashindano yao? Ni michezo ya SHIMIWI, shirikisho lao la michezo. Humo mna soka na netiboli, na pia kuvuta kamba, bao na karata. Kwenye kamba, mkurugenzi na dereva huegemea nyuma pamoja.

Je, wajua kwamba Dar es Salaam imesogea? Tangu Julai 2024 treni ya SGR inatoka Dodoma na kufika huko chini ya saa nne. Ukitoka kazini Ijumaa, usiku unakula na wazazi.

Je, wajua kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo kila mwaka, kwa malipo? Sikukuu zikiangukia humo, nazo huhesabiwa. Na dada anayekulelea watoto nyumbani ni mwajiriwa kwa sheria hiyohiyo. Siku 28 ni zake pia. Mwulize leo anataka kwenda lini kwao.