Kompyuta Nayo Ina Saa Yake: Jinsi ya Kuiandikia Ratiba

Vikundi vyetu vingi siku hizi huweka hesabu za wanachama kwenye kompyuta. Ni jambo jema. Lakini je, diski ikiharibika na hakuna nakala ya akiba? Jasho la watu limepotea! Binadamu husahau kutoa nakala. Kompyuta haisahau, mradi umeiandikia ratiba sawasawa.

Katika kompyuta za Unix na Linux, kazi hii hufanywa na programu iitwayo cron, iliyoanza miaka ya 1970. Unaiandikia mstari mmoja wenye nafasi tano, kisha amri yenyewe. Nafasi hizo ni:

1. Dakika (0 hadi 59)
2. Saa (0 hadi 23)
3. Tarehe (1 hadi 31)
4. Mwezi (1 hadi 12)
5. Siku ya juma (0 hadi 6, Jumapili ni 0)

Alama ya nyota maana yake ni "kila". Tazama mfano huu:

30 16 * * 5

Yaani dakika ya 30, saa 16, kila tarehe, kila mwezi, siku ya Ijumaa. Kwa saa zetu ni kila Ijumaa saa kumi na nusu jioni. Ukiandika 1-5 penye siku, ni Jumatatu hadi Ijumaa. Ukiandika */15 penye dakika, ni kila baada ya dakika 15.

Sasa, hapa ndipo wengi huteleza. Mtu anataka saa mbili usiku, anaandika 2. Kwa kompyuta, 2 ni saa nane usiku, wakati ofisi imefungwa na mashine imezimwa! Na cron haingoji mtu: saa ikipita mashine ikiwa imezimwa, kazi hiyo hairudiwi. Utakaa ukidhani nakala ipo, kumbe hakuna kitu.

Basi shika hili: saa za mchana, ongeza 6. Saa moja hadi saa tano usiku, ongeza 18. Kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri, toa 6. Tena Jumatatu ni 1, wala si 3.

Ukimaliza kuandika, usiende zako tu. Kesho yake fungua nakala uione kwa macho yako, na uihifadhi kwenye diski nyingine.